Bobby Mathews, mtu aliyerusha mpira wa kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayesoma historia ya besiboli ya Marekani hukutana na Bobby Mathews kwenye mstari mmoja: tarehe 4 Mei 1871, mji wa Fort Wayne, mrushaji Mathews. Mstari ukiisha, na jina linapotea. Wanaotaka kujua zaidi huuliza karibu mambo yale yale, nami nimeyakusanya hapa kwa mafungu. Palipo na jibu linalotegemea jingine, nimeelekeza pa kusoma.

## Ya mwanzo

Bobby Mathews alikuwa nani?

Ni mrushaji wa besiboli aliyezaliwa Baltimore, jimbo la Maryland, tarehe 21 Novemba 1851. Alicheza ligi za juu za Marekani kuanzia 1871 hadi 1887, akashinda mechi 297. Ndiye aliyerusha mpira wa kwanza kabisa katika ligi ya kwanza ya wachezaji wa kulipwa, na mechi hiyo akaishinda bila kuruhusu mtu hata mmoja wa timu pinzani kufika nyumbani, yaani kuipatia timu yake pointi. Alikuwa na umri wa miaka 19.

Alifariki mwaka 1898 akiwa na miaka 46. Leo hata mashabiki wengi wa Marekani wenyewe hawamjui, na sababu yake kubwa ni uamuzi uliofanyika zaidi ya miaka 70 baada ya kuzikwa kwake. Habari hiyo iko kwenye fungu la hesabu.

Sijui besiboli. Mrushaji anafanya kazi gani?

Kama umewahi kutazama kriketi, mfikirie yule anayemtupia mpira mwenye gongo. Tofauti ni kwamba mpira wa besiboli hautui chini kwanza. Unapita hewani moja kwa moja hadi kwa mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mpigaji akiukosa mara tatu, ametolewa. Akiupiga vizuri, anakimbia vituo vinne mmoja baada ya mwingine, na akirudi salama nyumbani, yaani kituo cha mwisho, timu yake inahesabiwa mkimbio mmoja. Wakitolewa watatu, zamu inahamia upande wa pili. Timu zote mbili zikimaliza zamu zao, ngwe moja imeisha. Mechi ni ngwe tisa.

Kila pambano linaanzia mkononi mwa mrushaji, ndiyo maana vitabu vya takwimu humwandikia yeye ushindi na kipigo kwa jina lake. Kwa mtu wa soka jambo hili ni geni, kana kwamba golikipa angeandikiwa peke yake mechi zote za klabu. Lishike, kwa sababu bila hilo hesabu za Mathews hazisomeki.

Je, ndiye Christy Mathewson? Au Eddie Mathews?

Hapana. Christy Mathewson alikuja baadaye, akatamba New York mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ushindi 373. Eddie Mathews alikuwa mpigaji mashuhuri wa katikati ya karne hiyo. Wote wawili wamo katika Ukumbi wa Umaarufu wa besiboli ulioko Cooperstown. Wetu jina lake ni Robert Mathews, Bobby kwa mazoea, na Cooperstown hayumo.

## Siku ya 4 Mei 1871

Kwa nini mechi ya kwanza ilichezwa Fort Wayne, wala si New York au Boston?

Kwa sababu ya mvua. Ligi, iliyojulikana kama National Association, iliundwa New York tarehe 17 Machi 1871. Mechi ya Boston na Olympics ya Washington ilipangwa siku hiyo hiyo kule Washington, lakini hali ya hewa ikaiahirisha. Huko Fort Wayne, jimbo la Indiana, watu wakacheza. Mji mdogo ukaingia katika historia, na miji mikubwa ikaja nyuma yake.

Timu ya mji iliitwa Kekionga. Ni jina la makao ya Wamiami, wenyeji asilia wa eneo hilo, yaliyokuwepo pale kabla mji wa Fort Wayne haujajengwa.

Mtoto wa Baltimore alifikaje Indiana?

Mathews alikuwa akirushia klabu ya nyumbani kwao iliyoitwa Maryland. Mwaka 1870 klabu hiyo ilifanya ziara ya magharibi, ikaishiwa fedha ikiwa njiani. Kekionga waliona vijana wenye vipaji wasio na nauli ya kurudi kwao, wakawaajiri. Mathews alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo nusu ya fahari ya Fort Wayne siku ile ilikuwa mali ya Baltimore.

Mechi yenyewe ilikwendaje?

Wageni walikuwa Forest City ya Cleveland. Walioshuhudia walikuwa takriban watu 200 tu, na mawingu yalikuwa mazito. Cleveland walianza kupiga, na hapo ndipo Mathews akapata nafasi ya kuwa wa kwanza kurusha.

Mpigaji aliyesimama mbele yake alikuwa Deacon White, na White aliupiga mpira akafika kituo cha pili. Yaani mpigaji wa kwanza wa historia alimtandika mrushaji wa kwanza wa historia. Aliyefuata, Gene Kimball, akapiga mpira wa juu. Tom Carey wa Kekionga akaudaka, kisha akawahi kituo cha pili kabla White hajarudi. Watu wawili nje kwa tukio moja. Baada ya hapo Mathews akatulia. Hadi mwisho Cleveland hawakupata kitu, na Kekionga wakashinda 2–0, huku mkimbio wa kwanza ukifungwa na mdakaji wake mwenyewe, Bill Lennon.

Deacon White, huyo aliyempiga mwanzo, aliingizwa Cooperstown mwaka 2013.

2–0 ina ajabu gani? Mbona matokeo ya kawaida?

Ya kawaida leo. Mwaka 1871 kila timu ilikuwa ikipata kwa wastani zaidi ya mikimbio 10 kwa mechi. Ile mechi ya Washington iliyoahirishwa ilichezwa kesho yake, na Boston wakashinda 20–18. Weka matokeo haya mawili kando kwa kando, 2–0 na 20–18, ndipo utaelewa kijana wa miaka 19 alifanya nini. Hakuna mdakaji aliyevaa kinyago wakati ule, glavu zilikuwa adimu, na mabeki walidaka kwa viganja vitupu. Kumaliza ngwe tisa bila timu pinzani kupata mkimbio hata mmoja lilikuwa jambo ambalo wengi wa watazamaji wale 200 hawakuwahi kuliona.

Kekionga iliishia wapi?

Haikumaliza msimu. Mathews alishinda mechi 6 na kupoteza 11, timu ikavunjika mwaka huo huo.

## Ufundi wake

Ni kweli alikuwa mfupi?

Ndiyo, kama sentimita 165, na uzito wa kilo 63 hivi. Warushaji wa siku hizi wengi wana urefu wa zaidi ya sentimita 185. Mwili wake haukuwa na nguvu ya kuwazidi wapigaji kwa kasi, akategemea kuwasoma. Alijua nani hapendi mpira wa chini, nani ana pupa, akabadili mwendo wa mpira ili gongo litangulie au lichelewe. Kwangu hili ndilo linalomfanya astahili kusomwa, kupita hata ile tarehe ya kwanza.

Alirusha kama wanavyorusha leo, mkono juu?

Kwa sehemu kubwa ya maisha yake, hapana. Sheria zilimtaka mrushaji apitishe mkono chini. Alisimama umbali wa mita 13.7 kutoka kwa mpigaji. Mwaka 1881 umbali ukaongezwa hadi mita 15.2. Mita 18.4 za leo zilikuja mwaka 1893, yeye ameshaacha. Halafu mpigaji alikuwa na haki ya kudai mpira wa juu au wa chini, na mrushaji akalazimika kumtimizia. Haki hiyo ilifutwa kuanzia msimu wa 1887, ambao ndio ulikuwa wake wa mwisho.

Sheria zililegea polepole, kwanza mkono ukaruhusiwa hadi usawa wa bega, kisha juu ya bega katikati ya miaka ya 1880. Warushaji wengi wa kizazi chake walishindwa kufuata mabadiliko hayo. Mathews alianza katika dunia ya mkono wa chini, na bado aliwatoa wapigaji wengi pale vijana wenye mikono ya juu walipokuwa wakitawala.

Je, ndiye aliyebuni mpira unaopinda hewani?

Heshima hiyo amepewa Candy Cummings, aliyeingizwa Cooperstown mwaka 1939 kwa sababu hiyo hasa. Hata hivyo Mathews anatajwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuumudu mpira huo na kuutumia kwenye mechi za ushindani, na simulizi za wachezaji wa enzi hiyo zinasema aliupata kwa kumtazama Cummings kwa makini.

Kuna jambo linalonifurahisha hapa. Mwaka 1872 Cummings alirushia Mutuals ya New York, na Mathews alirushia Lord Baltimore ya kwao. Mwaka 1873 walibadilishana: Cummings akaenda Baltimore, Mathews akaenda New York. Mabingwa wawili wa mpira uleule, kila mmoja akikalia kiti cha mwenzake.

Na mpira wa mate?

Huu ni mpira unaolowanishwa upande mmoja ili ukienda hewani utetereke bila mpigaji kujua utashukia wapi. Ulipigwa marufuku mwaka 1920, lakini enzi za Mathews haukuwa kosa. Wakongwe waliomwona walisimulia kwamba aliutumia kabla ya watu kuupa jina. Simulizi hizo zilitolewa miaka mingi baada ya tukio, kwa hiyo zichukuliwe kama kumbukumbu za wachezaji, si kama kumbukumbu za maandishi.

Mechi 525 alizimaliza mwenyewe bila kupumzishwa. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu timu haikuwa na mwingine. Siku hizi klabu ina warushaji zaidi ya kumi, na wale wa kuanza mechi huanza moja kila baada ya siku tano hivi. Miaka ya 1870 timu ilibeba mrushaji mmoja, pengine na msaidizi. Ukianza mechi, unaimaliza. Mathews alianza mechi 568 na kumaliza 525.

Mkono wa chini haukuuchosha mwili kama wa juu, ni kweli, lakini usidhani ilikuwa kazi ya mchezo. Tazama swali la Mutuals hapa chini.

## Timu na misimu

Alichezea timu zipi?

Baada ya Kekionga alikuwa Lord Baltimore mwaka 1872, timu iliyovaa jezi za njano na kumaliza nafasi ya pili. Kisha Mutuals ya New York, 1873 hadi 1876. Cincinnati mwaka 1877, msimu ambao haukuwa na la kusimulia: ushindi 3, vipigo 12. Providence mwaka 1879 na sehemu ya 1881, Boston 1881 na 1882, na mwisho Athletics ya Philadelphia, 1883 hadi 1887.

Akiwa Providence mwaka 1879 alipata ubingwa wa National League, ligi iliyokuja baada ya National Association. Mrushaji mkuu alikuwa John Montgomery Ward, naye Mathews akachangia ushindi 12.

Ni kweli Mutuals ilikuwa ni yeye tu?

Karibu kweli kabisa. Mwaka 1874 Mutuals walishinda mechi 42, zote zikiwa zake. Mwaka 1875 walishinda 30, na 29 ni zake. Mwaka 1876, National League ilipoanza, walishinda 21, zote zake tena. Jumla ya miaka mitatu ni ushindi 93 wa klabu, na 92 una jina la mtu mmoja.

Upande wa pili wa sarafu ni vipigo. Mwaka 1875 Mutuals walipoteza mechi 38, zote zikaandikwa kwake. Ukikuta mtu anasema Mathews alikuwa wa kawaida kwa sababu alipoteza mechi 248 maishani, mkumbushe kwamba hakuwa na wa kumpokea siku ambayo mkono unauma, wala siku ambayo wenzake wanaangusha kila mpira. Mrushaji wa leo akiwa na hali hiyo anakaa benchi. Mathews alikwenda uwanjani.

Mutuals wenyewe walifukuzwa katika ligi baada ya msimu wa 1876 kwa kugoma kufanya safari ya mwisho ya magharibi.

Miaka yake bora ni ipi?

Wengi hutaja 1874. Mimi nataja 1883, 1884 na 1885. Mwaka 1883 alikuwa anaelekea miaka 32, akiwa amepita timu sita, na misimu miwili, 1878 na 1880, hakuonekana ligi za juu kabisa. Klabu ingekuwa na haki ya kumwona mzee. Athletics wakamchukua kwenye ligi ya American Association, akashinda mechi 30. Mwaka uliofuata 30. Uliofuata tena 30.

Ule wa 1883 Athletics walitwaa ubingwa kwa mechi 66 dhidi ya 65 za St. Louis. Tofauti ya mechi moja. Toa ushindi wowote kati ya 30 za Mathews, ubingwa unayumba.

## Hesabu zenye utata

Mbona vitabu vingine vinaandika ushindi 297 na vingine 166?

Hapa ndipo penye kiini cha habari. Ushindi wake umegawanyika katika ligi tatu: National Association 131, National League 60, American Association 106. Jumla 297.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 besiboli ya Marekani iliunda kamati maalumu ya kumbukumbu ili kuamua ligi zipi za kale zihesabiwe kuwa ligi kuu. National Association ikakataliwa, kwa hoja kwamba ratiba na taratibu zake hazikuwa na mpangilio. Kwa uamuzi huo ushindi 131 wa Mathews ukaondoka kwenye hesabu rasmi, ukiwemo ule wa Fort Wayne. Zilizobaki ni 166. Kwa hiyo vitabu vyote viwili viko sahihi, kila kimoja kwa kipimo chake.

Je, kamati haikuwa na hoja?

Ilikuwa nayo. Timu zilivunjika katikati ya msimu, kama Kekionga. Nyingine zilikataa kusafiri. Kamari ilizunguka viwanja. Na Boston walitwaa ubingwa miaka minne mfululizo, mwaka 1875 wakishinda mechi 71 na kupoteza 8, hali inayoonyesha ligi isiyo na uwiano.

Lakini tujiulize waliocheza humo walikuwa nani. Walikuwa wachezaji bora wa besiboli nchini, wakilipwa kucheza, na hapakuwa na ligi nyingine juu yao. National League ilipozaliwa mwaka 1876 ilichukua wengi wa watu hao hao, Mathews akiwemo, akiwa na jezi ileile ya Mutuals. Mtu aliyelala Desemba 1875 akiwa mchezaji wa ligi isiyohesabiwa aliamka 1876 akiwa mchezaji wa ligi kuu, na mkono wake haukuwa umebadilika. Naona uamuzi ule ulihukumu uendeshaji wa ligi, na adhabu ikawaangukia wachezaji.

Uamuzi kama huo unaweza kubadilishwa?

Umewahi kubadilishwa kwa wengine. Desemba 2020 besiboli ya Marekani ilizitambua ligi saba za wachezaji Weusi za kati ya 1920 na 1948 kuwa ligi kuu, na mwaka 2024 takwimu zao zikaingizwa kwenye kumbukumbu rasmi. Habari hizo mbili si sawa: wachezaji Weusi walizuiwa kwa rangi yao, dhuluma ambayo Mathews hakuipata. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba milango ya kumbukumbu si ya chuma. National Association bado iko nje.

Kwa nini hayumo Cooperstown?

Tazama orodha ya ushindi. Warushaji waliomzidi Mathews, yaani wenye 300 na zaidi, wote wameingizwa isipokuwa Roger Clemens, ambaye jina lake lina tuhuma za dawa za kuongeza nguvu. Anayefuata chini ya 300 ni Mathews mwenyewe. Ushindi mitatu ndiyo iliyopungua.

Hata hivyo ukimsoma kwa hesabu rasmi ya 166, anashuka katikati ya kundi kubwa la warushaji wasiokumbukwa. Wapiga kura wengi walimsoma hivyo, kama walimsoma kabisa. Zaidi ya hapo, hakuacha mtu wa kumsemea. Hakuwa mmiliki wa timu kama wenzake wengine wa zamani, wala hakuandika kumbukumbu zake.

## Mwisho wa maisha yake

Alifanya nini baada ya 1887?

Alifanya kazi ya uamuzi uwanjani kwa muda. Fedha ya maana hakuwa nayo. Wachezaji wa kizazi chake hawakuwa na pensheni wala bima.

Alikufa kwa ugonjwa gani?

Kaswende iliyofika kwenye ubongo. Zama zile haikuwa na tiba, penisilini ikiwa bado miongo kadhaa mbele, na wengi walioupata ugonjwa huo walimalizia maisha wakiwa wamepoteza akili. Mtu aliyeishi kwa kusoma akili za wapigaji alipoteza ya kwake kwanza. Alifariki Baltimore, mji aliozaliwa, tarehe 17 Aprili 1898.

Wengine huuliza kama ni lazima kulitaja hilo. Naona ni lazima. Ugonjwa ulikuwa sehemu ya maisha ya wanaume wengi wa hoteli na treni katika miaka ile, na kuuficha kunamfanya aonekane kama aliyetoweka tu, ilhali aliugua na kuteseka.

Kaburi lake lipo?

Lipo, katika makaburi ya New Cathedral mjini Baltimore. Humo wamezikwa pia watu wanne wa Ukumbi wa Umaarufu: Ned Hanlon, Joe Kelley, Wilbert Robinson na John McGraw. McGraw ndiye aliyekuwa kocha wa Christy Mathewson kule New York, yule ambaye watu humchanganya na Bobby. Wanaokwenda kumtafuta McGraw wanaweza kumwona Mathews siku hiyo hiyo, kwa miguu.